Siku saba London, nikitafuta kumbi zilizocheza gizani

Jumapili

Nimetua Heathrow alfajiri. Baridi ya Desemba ilinipokea kabla ya mpwa wangu. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, kisha akanivika koti la mumewe lililonifika magotini. Mume ni mrefu, mimi ni wa kule kwetu Mwanza, sina cha kujitetea.

Wanakaa East Ham, mashariki mwa jiji, mtaa wenye muhogo na bamia dukani kuliko nilivyotarajia. Nimekuja kwa mahafali yake ya wiki ijayo. Hizi siku saba za kabla yake nimeomba ziwe zangu, na nyumba nzima inajua ninazitaka kwa nini, maana nimewachosha kwa simu tangu Septemba.

Mwisho wa miaka ya 80 na miaka ya 90 nilikuwa fundi mitambo wa vikundi vya sanaa Dar es Salaam: spika, nyaya, taa. Waliowahi kwenda kuwaona Muungano au TOT enzi hizo wanajua onyesho lilivyokuwa. Kiingilio kimoja, unapewa ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, igizo, halafu taarabu mpaka watu wanasinzia na chupa mkononi. Waingereza nao walikuwa na mchanganyiko kama huo, wakiuita varaiti: mwimbaji, mcheza viini macho, mchekeshaji, mbwa anayejua hesabu, wote usiku mmoja jukwaa moja. Na walikuwa nao mwaka 1940, wakati ndege za Wajerumani zilipoupiga mji huu usiku 57 mfululizo kuanzia Septemba 7. Waliocheza wameandikwa sana. Mimi nataka kuona mahali walipokuwa wenzangu, wale wa nyuma ya pazia.

Nimelala saa mbili usiku kama kuku.

Jumatatu

Treni ya chini kutoka East Ham hadi Embankment, kubadilisha, kutokea Piccadilly Circus. Mpwa amechukua likizo, amekataa nitembee peke yangu. Tumekwenda moja kwa moja Great Windmill Street, kichochoro cha Soho kilichopewa jina na kinu cha upepo kilichosimama hapo karne ya 17. Hapo ndipo Windmill Theatre ilipokuwa, ukumbi mdogo wa watu mia tatu na kitu, wenye msemo uliozunguka dunia: Hatukufunga kamwe.

Tukakuta umefungwa. Mchana wa Jumatatu, mlango umekazwa, mtu anashusha makreti ya bia jirani. Mpwa alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Msemo wenyewe nao una kasoro kidogo, na ni vizuri kuisema. Vita ilipotangazwa Septemba 3, 1939, serikali iliamuru kumbi zote za burudani zifungwe nchi nzima. Waliogopa bomu moja liangukie watu elfu mbili waliokaa pamoja. Mwandishi wa tamthilia Bernard Shaw aliandika gazetini kuwa amri hiyo ni upumbavu mtupu, kwamba watu walio gizani na wenye hofu ndio wanaohitaji mahali pa kwenda. Ndani ya wiki mbili milango ikaanza kufunguliwa, na Windmill ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Kwa hiyo ilifunga siku kumi na mbili hivi, kwa amri. Baada ya hapo, mabomu yote yale, haikufunga tena. Mimi nawapa haki yao. Sisi wa mitambo tunajua tofauti ya umeme kukatika na mtu kuzima swichi mwenyewe.

Mwenye ukumbi alikuwa mjane, Laura Henderson, aliyempoteza mwanawe katika vita ya kwanza. Alinunua jengo lililokuwa sinema, akalifanya ukumbi mwaka 1931 akiwa na miaka zaidi ya 60, akamwajiri meneja aitwaye Vivian Van Damm. Mwanzoni walikula hasara. Mwaka 1932 meneja akaja na wazo la onyesho lisilokatika: saa nane na nusu mchana hadi saa tano usiku, kundi likimaliza linaanza upya, unaingia unapotaka. Daladala, kwa kifupi. Hailali, inajaza, inashusha, inajaza.

Kisha wakaongeza kile kilichowapa jina, na hapa nilianza kukohoa, maana namsimulia mtoto wa dada yangu. Walisimamisha wasichana jukwaani kama walivyozaliwa. Wakati ule kila onyesho Uingereza lilipitia kwa mkaguzi wa kasri ya mfalme, Lord Chamberlain, na mamlaka hayo yalidumu hadi 1968. Hoja aliyopelekewa ni hii: sanamu za makumbusho ziko uchi na hakuna anayezifunika, basi msichana asiyesogea ni sanamu. Akakubali. Ukisogea, umevunja sheria.

"Mjomba, sasa watu walikuwa wanaangalia nini kwa saa nzima?"

Swali zuri, nikashukuru kwa kulikwepa upande mmoja na kulijibu upande mwingine. Nilimwambia: mtu asiposogea, taa ndiyo inayocheza. Ukiwa na kiumbe kilichoganda jukwaani, uhai wote wa picha ile uko kwenye vidole vya fundi: anaivuta njano polepole, anaachia bluu, kivuli kinatembea ukutani. Hakuna anayemkumbuka kwa jina. Lakini mimi naamini nusu ya sifa za Windmill zilitoka mikononi mwake.

Na ilikuwa kazi ngumu kwa kila mtu pale. Wachekeshaji walipanda kati ya picha moja na nyingine, mbele ya wanaume waliosubiri wao washuke. Kiti cha mbele kikiachwa wazi, wa nyuma waliruka viti kukigombea, mpaka mbio hizo zikapewa jina la mbio za farasi za kuruka viunzi. Hebu jaribu kuchekesha huku watu wanaruka migongo ya viti mbele yako. Waliopita hapo baada ya vita na kutoboa ni pamoja na Peter Sellers, Tony Hancock na Bruce Forsyth.

Mabomu yalipoanza, kwa muda Windmill ilibaki peke yake kati ya kumbi zote za West End, eneo la maonyesho la katikati ya jiji. Vyumba vya kuvalia vilikuwa chini ya ardhi, wasanii na mafundi wakalala humohumo badala ya kuvuka jiji usiku. Kuna hadithi inayosimuliwa kwa namna nyingi, kwamba bomu la kujiendesha la mwaka 1944 lilianguka jirani, vumbi likashuka kutoka darini, na msichana aliyesimama kama sanamu akasogea kwa mara ya kwanza: aliinua kidole gumba puani kuwazomea Wajerumani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kama ni kweli au imetiwa chumvi, sijui nani angemshitaki kwa kosa lile la kusogea.

Bi Henderson alifariki Novemba 1944, miezi michache kabla ya vita kwisha Ulaya. Ukumbi ulifungwa Oktoba 31, 1964, na safari hiyo ilikuwa kwa hiari.

Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Nikasimama katikati ya Piccadilly Circus kuangalia matangazo ya taa ukutani, makubwa kama uwanja wa mpira. Yalizimwa 1939 yakakaa bila kuwaka hadi 1949, miaka minne baada ya amani. Hata sanamu ya Eros iliyo katikati iliondolewa ikafichwa nje ya mji. Nilimwomba mpwa tusimame kidogo. Nilitaka kuvizima vyote kichwani, kimoja kimoja.

Giza la vita nalijua kidogo. Mwaka 1979, vita vya Kagera, nilikuwa mtoto Mwanza. Ndege ya Libya ilikuja kuupiga mji, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa wanyama wasio na hatia. Baada ya hapo baba alikuwa akitundika blanketi dirishani kabla ya kuwasha koroboi, na mjomba wangu mmoja, mlevi, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia hadithi za sungura kwa kunong'ona kana kwamba rubani angesikia. Tulicheka kwa kubana midomo. Sijawahi kucheka vile tena.

Jumanne

Coventry Street ni hatua chache kutoka pale tuliposimama jana. Leo nimekuja peke yangu, kwa kusisitiza.

Café de Paris ilikuwa ukumbi wa dansi wa matajiri, chini kabisa ya ardhi, juu yake palikuwa na sinema. Wenyewe walijitangaza kuwa ndio mahali salama zaidi mjini. Unashuka ngazi, zege na jengo zima viko juu yako, nani atakufikia? Jumamosi ya Machi 8, 1941, kabla ya saa nne usiku, bomu lilipita kwenye njia ya hewa likaja kulipuka mbele ya jukwaa. Nimefunga feni na mabomba ya hewa kwenye kumbi nyingi. Njia ya hewa ndiyo kitu cha kwanza fundi anachokiuliza na cha mwisho mwenye mali anachokifikiria.

Walikufa watu wasiopungua 34. Kiongozi wa bendi alikuwa Ken Johnson, kijana wa miaka 26 kutoka Guyana, aliyeletwa Uingereza asome akaishia kucheza dansi, akapewa jina la Snakehips kwa jinsi kiuno chake kilivyokwenda kama nyoka. Bendi yake ilikuwa ya weusi wa visiwa vya Karibi, na redioni walipendwa. Usiku ule alikuwa akinywa na marafiki klabu nyingine, wakamsihi asitoke kwenye mabomu. Alikataa, akakimbia gizani kuwahi jukwaa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Pamoja naye alikufa mpiga saksafoni wake, Dave Williams, ambaye wenzake walimwita Baba.

Niliposoma jina hilo mara ya kwanza miaka mingi iliyopita, nikiwa Dar, nilifunga kitabu. Kila bendi niliyofanya nayo kazi ilikuwa na Baba mmoja. Ndiye anayekopesha nauli.

Kilichofuata hakipendezi lakini kilitokea: vibaka waliingia kwenye vumbi na kuwavua maiti pete. Simulizi za London ya vita husifu mshikamano, na mshikamano ulikuwepo. Pete nazo zilivuliwa.

Pale nje watu wanapita na mifuko ya Krismasi. Nimekaa robo saa nikigandamana na ukuta, nikaenda kunywa chai.

Alasiri, kwa kuwa niko karibu, nikaingia National Gallery. Hii si varaiti, ni nyumba ya picha, ila ina kisa. Picha zilihamishiwa Wales kwa usalama, kuta zikabaki tupu, na mpiga piano Myra Hess akaomba aruhusiwe kupiga humo saa za chakula cha mchana. Kuanzia Oktoba 1939 yalifanyika maonyesho 1,698, kiingilio shilingi moja. Shilingi hiyohiyo tuliyorithi sisi. Wao wameiacha, sisi bado tunahangaika nayo.

Jumatano

Mvua. Mpwa kazini, mumewe kazini, mimi na paka.

Vera Lynn alizaliwa hapahapa East Ham mwaka 1917, binti wa fundi bomba, akaanza kuimba kwenye vilabu vya wafanyakazi akiwa na miaka saba. Vita ilimfanya mpenzi wa askari, nyimbo zake zikiwa za kuagana na kuahidiana kuonana. Nilitoka mara moja na mwavuli kununua maziwa, nikawa naangalia nyumba zilizobanana na matofali yake mekundu, najiuliza ni mlango upi. Sikumuuliza mtu.

Mwaka 1944 alisafiri hadi Burma kuwaimbia askari waliokuwa wakilalamika kuwa wamesahauliwa. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipigana bonde la Kabaw, na babu yangu mdogo alikuwa mmoja wao, Keya halisi, yaani askari wa King's African Rifles. Alipokuwa akisimulia Burma alitaja matope, ruba na Wajapani wanaopiga kelele usiku. Mwanamke wa Kizungu aliyeimba hakumtaja hata siku moja. Alichotaja ni vijana wenzao waliopewa gitaa wawachezee wengine. Keya walikuwa na kikosi chao cha burudani, na Fundi Konde, huyohuyo wa pwani ambaye nyimbo zake bado zinapigwa harusini, alipitia humo. Kwa hiyo babu naye aliiona varaiti yake ya vita, ila msituni na kwa Kiswahili.

Jioni tumekula pilau. Imekosa chumvi, nimesifia.

Alhamisi

Siku ndefu. Magoti yananiuma ninapoandika.

Mume wa mpwa alinikatia tiketi ya ziara ya kituo cha treni cha Aldwych, ambacho hakitumiki tangu 1994. Mnashuka ngazi za mzunguko mpaka kizunguzungu, mnatokea kwenye jukwaa la abiria chini kabisa, vigae vimetoka rangi, matangazo ya zamani ukutani. Septemba 1940 treni zilisimamishwa, kituo kikawa makazi ya kujikinga na mabomu. Watu walilala jukwaani, walilala hata kwenye njia yenyewe ya reli baada ya umeme kukatwa. Kwenye handaki lingine walificha sanamu za marumaru za British Museum. Nikacheka kidogo peke yangu: sanamu zimepewa chumba, watu wamebanana relini.

Humo ndimo alimoshukia George Formby, Novemba 1940, na kigitaa chake kidogo, akawaimbia waliolala. Alikuwa mwigizaji wa sinema mwenye mshahara mkubwa kuliko karibu wote wa enzi yake, meno ya mbele, sauti ya puani, nyimbo za kuchombeza. Hakukuwa na pazia, taa za jukwaa wala spika. Niliposimama pale nilipiga makofi mara moja kusikia mwangwi. Sauti inarudi haraka halafu inakimbilia kwenye handaki. Kwa gitaa dogo ni pazuri sana. Kwa mtu anayeongea haraka ni balaa, maneno yatagongana. Naelewa kwa nini waliimba kuliko kusema. Mwongoza ziara alinitazama kwa mashaka.

Ukitoka juu, hatua chache, kuna Bush House. Niliwahi kudhani ni msitu. Kwa watu wa rika langu jengo hili lilikuwa sauti: Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza 1957 ilitangaza kutoka humu kwa miongo mingi, baba akigeuza redio dirishani kutafuta mawimbi. Sikujua kwamba Juni 30, 1944, mchana, bomu la kujiendesha lilianguka barabarani mbele yake na kuua watu wengi waliokuwa kwenye shughuli zao. Nilivua kofia. Kisha baridi ikanivalisha tena.

Kutoka hapo hadi Theatre Royal Drury Lane ni mwendo wa kumaliza sigara moja, kama ningekuwa bado navuta. Wakati wa vita ukumbi huu mkubwa haukuwa ukumbi. Ulikuwa makao makuu ya ENSA, shirika lililoanzishwa 1939 na Basil Dean na Leslie Henson kupeleka burudani kwa askari na viwandani. Jukwaa likagawanywa ofisi, vyumba vikajaa mavazi, malori yakatoka na wachekeshaji kama yanavyotoka na viazi. Oktoba 1940 bomu lilitoboa paa, likapita dari za ghorofa na kuishia chini kwenye viti. Wakaendelea kufanya kazi.

ENSA ilikuwa kubwa mno kwa vipaji vilivyokuwepo. Ukipewa kazi ya kuburudisha jeshi zima la dola, utachukua hata anayeimba bafuni. Askari walizisoma herufi zake nne kwa Kiingereza kuwa na maana ya "kila usiku balaa jipya", na wala hawakukosea sana. Ila nimewahi kuzunguka mikoani na lori la kikundi, Dodoma, Singida, Tabora, vumbi kwenye spika, mwimbaji mkuu ana homa. Mtu aliyepanda lori gizani, taa za mbele zimefunikwa zibaki na mwanya kama jicho la paka, akafika kambi ya matope akavaa suti yenye pambo na kuimba vibaya, huyo mimi simcheki.

Ijumaa

Magoti bado. Nimekwenda sehemu mbili tu.

High Holborn, kutafuta ukumbi wa Holborn Empire. Haipo. Iliharibiwa na mabomu Mei 1941, ikakaa gofu, ikabomolewa 1960. Pamebaki ofisi, mlinzi, na mimi niliyesimama nikitazama juu kama mgeni aliyeachwa na ndege.

Lakini hapo ndipo palipokuwa kwake mchekeshaji Max Miller, na kwa Max Miller ningeweza kuandika kitabu. Alivaa suti za maua mfano wa pazia la sebuleni, kofia nyeupe, akashika vitabu viwili: cheupe na cha bluu. Anawauliza watu wanataka kipi. Cheupe ni vichekesho safi, cha bluu ni vile. Watu wanapiga kelele za bluu. Anaangalia kushoto na kulia kama anayehofia mkewe, anaanza beti, anafika kwenye neno lile linalotakiwa kumalizia kina, na hapo ananyamaza. Ukumbi mzima unamalizia kichwani. Kisha anawakemea: nyinyi ndio mnaonipa jina baya.

Kama hujaelewa, kaa kwenye taarabu ya Dar wakati mwimbaji anapofika kwenye kijembe. Hakisemi. Anakizunguka, anamwangalia mwanamke wa meza ya tatu, na kina mama wananyanyuka kutunza. Fumbo linalomaliziwa na msikilizaji haliwezi kukamatwa na mkaguzi yeyote. Nadhani vita ilimfaa Max Miller kwa sababu hiyo. Watu waliokuwa wakiambiwa kila kitu na serikali, zima taa, beba kinyago cha gesi, usiulize, walipata mahali ambapo neno la mwisho lilikuwa lao.

Halafu ukumbi wa Palladium, Argyll Street, jengo la 1910 lililochorwa na Frank Matcham. Mei 1941, katika shambulio kubwa la mwisho, bomu la mwavuli lilitua kwenye paa na kunasa juu ya jukwaa bila kulipuka. Wataalamu wa jeshi la majini walipanda kulitegua. Mimi nimewahi kupanda kwenye mabomba ya juu ya jukwaa kubadilisha balbu, na umeme haujazimwa vizuri, na nilisali dua zote ninazojua. Hao walipanda na mlio wa saa ya bomu masikioni mwao.

Nje kuna foleni ya pantomimu, maonyesho yao ya Krismasi. Bei ya tiketi niliiangalia, nikaigeuza kuwa shilingi zetu, nikaondoka.

Jumamosi

Mpwa alikuwa amesikia habari ya ile foleni. Amenikatia tiketi Hackney Empire, Mare Street, mashariki, bei ya binadamu. Nalo ni la Matcham, la 1901, lilifunguliwa tayari na umeme na chumba cha kurushia picha, mambo mapya kabisa wakati ule. Marie Lloyd na Chaplin walipita hapa. Baadaye likageuka studio ya televisheni, kisha ukumbi wa bingo, kabla ya kurudi kuwa ukumbi wa maonyesho mwaka 1986.

Tumekaa juu kabisa, karibu na dari, ambako unaona vichwa vya wasanii kuliko nyuso. Pantomimu ni mtoto wa varaiti aliyebaki hai. Mwanaume mnene kavaa kanzu ya kike na matiti ya sifongo, watoto wanapiga kelele kumwonya kuna mtu nyuma yake, wimbo, sarakasi kidogo, kijembe kwa wanasiasa ambacho watoto hawakukielewa na mpwa alicheka nacho mpaka akamwaga pipi. Nilisahau kabisa kuwa niko ugenini. Mzee, Muungano tupu.

Katikati ya kipindi cha pili nikawa nafikiria utaratibu wao wa zamani. King'ora kikilia nje, meneja anatoka mbele ya pazia: mabibi na mabwana, ndege zimeingia, anayetaka kwenda handakini aende sasa taratibu, sisi tunaendelea. Wachache wanatoka. Wengi wanabaki. Mashambulizi yakirefuka, onyesho linakwisha na hakuna anayeweza kurudi nyumbani, basi wasanii wanarudi jukwaani, wanaimbisha watu nyimbo wanazozijua wote, watazamaji wenye vipaji wanapandishwa nao, mpaka asubuhi ama mpaka king'ora cha salama. Na fundi wa taa hawezi kushuka. Wakiimba mpaka saa kumi na moja alfajiri, taa inawaka mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia 1941 wengine walipangiwa na zamu ya paa, ndoo za mchanga na maji, kuangalia mabomu ya moto, baada ya kutoka zamu ya jukwaa.

Taa ya kufuata msanii ilikuwa viti vichache kutoka kwetu, nyuma ya kizuizi. Anaiendesha binti wa miaka ishirini na kitu, nywele za zambarau. Karatasi ya maelekezo anaisoma kwa kitochi kilichozibwa kwa karatasi ya bluu ili mwanga usisumbue. Kwetu tulikuwa tunaziba kwa kipande cha mfuko wa rambo. Watu wa mji huu walitembea hivyohivyo barabarani vita nzima, tochi imefunikwa, inaangalia chini.

Onyesho lilipokwisha nilibaki nimeegemea kizuizi nikimtazama akiipoza mashine. Alinyanyua macho, akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Sikujua nianzie wapi kwa Kiingereza changu, nikakunja mkono wa koti la watu na kumwonyesha kovu langu chini ya kiganja, la taa ya 1993, pale Mnazi Mmoja.

Akaliangalia. Akavua glavu na kunionyesha la kwake, jipya, bado jekundu.

"Mjomba, basi la mwisho!" mpwa anaita kutoka kwenye ngazi.